Tahadhari: mota "3 HP" zinazozungushwa kwa mafundi wa mbao Kisumu

Mafundi wa Kibuye na Kondele, chungeni. Kuna jamaa anapita karakana kwa karakana na mota zilizopakwa rangi mpya, akidai ni 3 HP (HP ni nguvu-farasi, kipimo cha nguvu ya mota) za msumeno wa mkanda. Bei ni tamu, ila anataka M-Pesa kabla mota haijawashwa.

Nyingi ni za pampu ya maji. Achana na HP iliyoandikwa kwenye kibati cha maelezo ya mota, soma amperi, yaani umeme inaovuta. Tuseme kibati kinasema amperi 7: mara volti 240 ni wati 1680. HP moja ni wati 746, kwa hivyo hata kama mota haingepoteza chochote, hiyo ni HP 2 na kidogo tu. 3 HP halisi ya fezi moja hula karibu amperi 14 ikikata mbao ngumu, ndiyo maana haifai plagi ya kawaida yenye fyuzi ya amperi 13. Shafti ya milimita 19 nayo ikutie shaka. Hiyo ni saizi ya mota za HP 1 hivi.

Kubwa zaidi ni mwendo. Msumeno mwingi wa magurudumu ya milimita 400 umepangiwa mota ya mizunguko 1440 kwa dakika, puli ya mota ya milimita 100 ikizungusha ya msumeno ya 200. Hapo bledi inakwenda kama mita 15 kwa sekunde. Mota ya pampu ni 2880, bledi inaruka hadi mita 30: inakatikia pale ilipoungwa kwa welding, na mpira wa gurudumu unabanduka. Muuzaji atakwambia "inakata haraka". Haya basi, asimame yeye mbele yake.

Tena za pampu huwa na kapasita (kifaa kinachosaidia mota kuanza) moja ndogo. Magurudumu mazito yanazishinda kuanza, mota inanguruma bila kuzunguka na koili, yaani nyaya zilizosokotwa ndani yake, inaungua. Mota yenye matundu wazi pia usichukue, vumbi la mbao litaijaza.

Fungua kifuniko cha nyaya, kwaruza waya mmoja wa koili kwa kisu. Ukiona nyeupe badala ya wekundu wa shaba, ni aluminamu.

Kama umeshanunua ya 2880, usipunguze puli ya mota hadi 50, belti itateleza na kupasuka. Ongeza ile ya msumeno iwe 400 kama nafasi ipo, ili mwendo urudi mita 15, na uwashe bila mzigo kwanza.