Matembezi ya ndege Mida mwezi wa Machi: fuata maji, saa ya mkononi iache

Jibu la haraka kwa anayeuliza kama matembezi ya kutazama ndege kwenye hori ya Mida, karibu na Watamu, yanastahili pesa zake: ndiyo, ukienda kati ya wiki ya pili ya Machi na wiki ya pili ya Aprili, na ukaingia wakati maji yanajaa. Ukiingia maji yamekupwa utalipa bei ile ile na kurudi na orodha ya yangeyange na kunguru. Nimetembea Mida na viongozi wa vikundi mbalimbali vya wenyeji, misimu tofauti, na mara zote kilichoamua siku iwe nzuri au mbovu ni jedwali la maji.

Kwa nini Machi? Huo ndio wakati kaskazi inakata na maleleji yanaingia, na huko kaskazini ya mbali majira ya baridi yanaelekea ukingoni. Ndege wa pwani waliokaa nasi tangu Agosti na Septemba wanajiandaa kurudi kuzaa. Vitwitwi, hao ndege wadogo wa pwani wanaotafuta chakula topeni, ambao Desemba wote ni kijivu na weupe, kiasi kwamba mgeni huona ndege mmoja aliyerudiwa mara elfu, sasa wanabadilisha manyoya. Calidris ferruginea, yule mwenye mdomo uliopinda kidogo kwenda chini, huanza kupata madoa ya rangi ya tofali kifuani, na kufikia Aprili baadhi yao ni wekundu tangu usoni hadi tumboni. Huyo anakwenda kuzaa Siberia, kwenye tundra. Mwenzake wa topeni, Pluvialis squatarola, anapata tumbo jeusi kama aliyekaa kwenye masizi. Na wote wanakula kama wasafiri wanaojua hakuna hoteli njiani: utawaona wamevimba, matumbo yamening'inia. Mtu akija Novemba ataona ndege wengi pia, ila kuwatenganisha kutamsumbua zaidi.

Sasa maji, maana hapa ndipo watu wengi wanapotupa pesa.

Kwenye pwani ya Kenya, siku za bamvua, yaani siku moja au mbili baada ya mwezi mpevu au mwezi mwandamo, maji hujaa sana karibu na saa 10 alasiri na saa 10 alfajiri, na kukupwa kabisa karibu na saa 4 asubuhi. Kila siku inayofuata, nyakati hizo husogea mbele kwa dakika kama 50. Siku za maji mafu, wiki moja baadaye, mambo yanageuka: maji yanajaa karibu na saa 4 au 5 asubuhi, lakini yanajaa kwa unyonge.

Weka hayo akilini, kisha fikiria matembezi ambayo mtu anakuuzia kwa kusema "tunaanza saa 1 asubuhi, ndege wanapenda asubuhi." Msituni ni kweli. Mida, siku ya bamvua, saa 1 asubuhi maji yanatoka mbio, na kufikia saa 3 ndege wametawanyika juu ya tope na mafungu ya mchanga hadi mbali kabisa, kila mmoja anatafuta riziki yake. Ukisimama upande wa barabara ya Mombasa–Malindi, ambako ndiko liliko daraja la mbao na kibanda cha kutazamia, jua la asubuhi linakupiga usoni, ndege wote ni vivuli vyeusi. Ikifika saa 4 joto linachemsha hewa juu ya tope, na hata teleskopu nzuri inaonyesha kitu kinachotikisika kama picha iliyo chini ya maji. Hapo kiongozi hana kosa la macho, ana kosa la ratiba.

Siku hiyo hiyo ya bamvua, ingia saa 7:30 mchana. Tope bado liko wazi, jua limeanza kuhamia mgongoni mwako, na maji yanakuja. Yakipanda, sehemu ya kulia chakula inapungua, ndege wanasukumwa kuja kwako, na ndani ya saa mbili wale waliokuwa nukta upeo wa macho wanakuwa kundi zito mbele ya kibanda. Kipindi kizuri ni kuanzia muda wa saa tatu hivi kabla ya maji kujaa hadi muda wa saa moja kabla. Baada ya hapo bamvua hufunika kila kitu, na ndege huondoka ghafla kwenda kupumzika kwenye mafungu yaliyobaki na juu ya mikoko. Usishangae kumwona sululu, yule mwenye mdomo mrefu uliopinda, amekaa juu ya mkoko kama kuku, wala vitwitwi wa aina ya Xenus cinereus wamejipanga kwenye tawi. Ndivyo wanavyongoja maji.

Jambo la ziada: jedwali linalopatikana kwa urahisi ni la Kilindini, bandari ya Mombasa. Mlango wa hori ya Mida ni mwembamba, kwa hiyo ndani maji huchelewa kuliko baharini. Kiongozi wa kweli anajua yanachelewa kiasi gani mbele ya kibanda chake. Muulize. Asipoelewa hata swali, tafuta mwingine.

Kuhusu viongozi wenyewe: wazuri ni wazuri mno. Vijana wa Dabaso, Gede na Mida waliokulia pale wanamtambua ndege kwa sauti na kwa jinsi anavyokimbia kabla hujainua darubini. Ila kabla ya kulipa uliza mambo manne. Bei ni ya mtu au ya kikundi? Ada ya daraja imo? Ada ya hifadhi ya bahari imo, maana hori yote iko ndani ya eneo la hifadhi ya Watamu? Na teleskopu ipo, au ni darubini za mkono tu? Hili la mwisho lina uzito, kwa sababu Mida bila teleskopu ni nusu ya Mida. Darubini ya 8x42 inatosha kwa mikoko na kwa ndege walio karibu, lakini kutenganisha vitwitwi wa mchanga kwa umbali wa mita 100 unahitaji kuvuta mara 30 au zaidi, juu ya tripodi iliyotulia. Kikundi kisizidi watu sita kwa teleskopu moja. Nimekwisha kuwa kwenye kundi la watu kumi na wawili na teleskopu moja. Kila mtu alipata sekunde kumi, na alipofika wa saba ndege alikuwa ameruka.

Daraja ni la mbao, linaning'inia kwa kamba kati ya mikoko, na linayumba. Mnapokuwa juu yake acheni nafasi kati yenu, msitembee kwa hatua za pamoja. Mvua za kwanza za masika zikinyesha, mbao zinateleza. Anayeogopa kuyumba anaweza kupita chini maji yakiwa nje, ila avae viatu vya turubai vya zamani vyenye kamba. Kandambili hubaki ndani ya tope, na usithubutu kwenda pekupeku: chaza wanaoshika kwenye mizizi ya mikoko wanakata kama wembe. Maji ya kunywa lita 2 kwa mtu, kofia, dawa ya mbu kwa jioni. Nguo nyeupe acha nyumbani.

Ndege ambaye wengi wanamfuata ni yule mla kaa, Dromas ardeola. Mweupe na mweusi, miguu mirefu ya kijivu chenye ubuluu, mdomo mweusi mnene kuliko kichwa kinavyostahili. Mida ni mahali pa kutegemewa kumwona, na makundi yake siku nyingine hufika mamia. Anazaa kwenye visiwa na fukwe za mchanga za Ghuba na bara Arabu, na ana desturi isiyo ya kawaida kwa ndege wa jamii yake: anachimba shimo mchangani, anataga yai moja jeupe, na kinda analishwa humo humo ndani. Hata baada ya kuruka hadi huku, mtoto huendelea kumfuata mzazi akiomba. Ukiona wa kijivujivu anamwandama mweupe huku akilia, ni huyo. Ndege waliokomaa huanza kuondoka mapema kwa sababu msimu wao wa kuzaa unaanza Aprili. Kwa hiyo kama shabaha yako ni yeye, chagua bamvua ya Machi. Ukitaka vitwitwi wekundu, chagua ya mwanzo wa Aprili. Kuwapata wote wawili katika hali bora kwa siku moja ni bahati.

Mla kaa hapendi kusogelewa. Chini ya mita 100 hivi kundi linaanza kunyanyua vichwa. Hiyo ndiyo dalili ya kusimama: vichwa juu, kula kumekoma. Ukipiga hatua nyingine mbili wanaruka, na wakiruka wao, wanaondoka na wengine wote. Kwa ndege anayejaza mafuta ya safari ya maelfu ya kilomita, kurushwa mara tano kwa alasiri moja ni hasara halisi, kwa hiyo kiongozi anayewapigia makofi ndege ili mteja apate picha ya kundi angani simpendekezi kwa mtu, hata awe mcheshi vipi.

Utambuzi: anza na mwendo, kisha mdomo, kisha miguu, rangi mwisho. Xenus cinereus ana mdomo uliopinda kwenda juu, miguu mifupi ya njano, na anakimbia ameinama kama mtu anayelikimbilia matatu. Sululu wawili wanachanganya: mdogo, Numenius phaeopus, ana mistari kichwani na mdomo unaopinda kuelekea mwisho, mkubwa, Numenius arquata, hana mistari na mdomo wake ni mrefu hadi unaonekana kero. Pluvialis squatarola akiruka ana kwapa jeusi, huhitaji alama nyingine. Shida kubwa ni wale vitwitwi wa mchanga wawili, mkubwa na mdogo. Pima mdomo: kwa mkubwa, urefu wa mdomo unazidi umbali kutoka shina la mdomo hadi nyuma ya jicho, na miguu yake huwa na rangi ya kijanikijani, kwa mdogo miguu ni ya kijivu kilichokolea. Wakisimama bega kwa bega ni rahisi. Akiwa peke yake, kiongozi mwaminifu atasema "huyu tumwache," na mimi humwamini zaidi anayesema hivyo kuliko anayetaja jina kwa kila nukta.

Kuhesabu kundi usijaribu mmoja mmoja. Hesabu kumi, angalia wanachukua nafasi gani kwenye lenzi, kisha pima kundi zima kwa nafasi hiyo. Fanya mara mbili, kutoka kulia na kutoka kushoto. Anayetaka kazi yake iwe na faida zaidi ya picha, apakue programu ya simu ya BirdLasser na kuipeleka orodha kwenye Kenya Bird Map, mradi wa kuchora ramani ya ndege wa Kenya. Orodha kamili inadai angalau saa 2 za kutazama kwa bidii ndani ya mraba mmoja wa ramani, na ndege waandikwe kwa mpangilio walivyoonekana. Alasiri moja ya Mida inatimiza hilo bila kujikaza.

Vikundi vingine huunganisha Mida na msitu wa Arabuko-Sokoke, ulio ng'ambo ya barabara, wenye takriban kilomita za mraba 420. Kwa siku ya bamvua ni mpango mzuri sana: msituni saa 12 asubuhi hadi saa 4, pumziko, kisha Mida mchana. Kumtafuta bundi mdogo wa Sokoke, Otus ireneae, hakikisha kiongozi anakupeleka kwenye vichaka vya Cynometra kwenye udongo mwekundu. Ukipelekwa kwenye miti ya mirihi unapotezewa asubuhi. Ni mdogo, kama sentimita 16, na mchana amelala kwenye kichaka. Kiongozi huingia peke yake kumtafuta, nyinyi mnasubiri njiani kimya. Anayechezesha sauti ya bundi kwenye simu mfululizo, mwambieni aache.

Mapungufu? Kibanda ni kidogo, teleskopu nyingi zinazokodishwa zina lenzi zilizokwaruzwa na chumvi, na vitini vya majina ya ndege havina majina ya Kiswahili, jambo linaloudhi ukizingatia nani anaishi pale. Natoa nyota 4 kati ya 5 kwa bamvua ya alasiri, 2 kwa asubuhi yake. Maji mafu yako katikati: unaweza kuona vizuri asubuhi, lakini tope halifunikwi lote, na ndege hawana sababu ya kukusanyika.

Na ukishamaliza, usipande bodaboda mara maji yanapofunika. Subiri hadi karibu na saa 12 jioni. Kabla hawajaondoka Aprili, keremkerem wekundu, Merops nubicus, hurudi kulala kwenye mikoko, makundi kwa makundi wakipita chini juu ya maji, na kwa hao huhitaji teleskopu wala jedwali.