Namugongo tarehe 3 Juni: inafaa kufunga safari?

Kila Mei ikiingia, ndugu zetu wa Kakamega, Bukoba na Goma huniuliza swali lilelile: je, Sikukuu ya Mashahidi wa Uganda, hapa Namugongo nje kidogo ya Kampala, inastahili nauli, likizo na usiku wa kulala uwanjani? Kwa anayekuja kuhiji, nasema ndiyo, njoo hata kwa kujinyima. Kwa anayetaka kuona mahali penyewe kwa utulivu, kusoma historia na kupiga picha, 3 Juni ndiyo siku mbaya kuliko zote za mwaka. Karibu wote wanaorudi nyumbani wamenuna ni wale waliotaka mambo yote mawili kwa siku moja.

Kwanza ujue unakuja kuona nini. Wengi hudhani kuna igizo kubwa la mateso, watu wamevaa magome ya miti na kuni zimewashwa. Vikundi vya vijana huigiza hapa na pale, lakini kiini cha siku ni Misa kwa Wakatoliki na ibada kwa Waanglikana, kila upande kwenye uwanja wake. Cha kuonwa hasa ni kuwasili kwa mahujaji. Tangu siku za mwisho za Mei vikundi vinaingia kwa miguu, bendera ya parokia mbele, fulana za rangi moja, rozari shingoni, wanaimba Kinyankole, Kijaluo, Kiswahili. Miguu imepakwa vumbi jekundu hadi magotini. Wengi hawatafuti kivuli wala maji ya kunywa, wanakwenda moja kwa moja ukingoni mwa ziwa dogo lililochimbwa bondeni, chini ya Basilika (kanisa la hija la Wakatoliki), wanapiga magoti, wananawa uso. Kwangu mimi, jioni ya tarehe 1 na 2 ina uzito kuliko hata siku yenyewe. Ukiweza kufika mapema, fika mapema.

Halafu Namugongo si kiwanja kimoja. Mashahidi Wakristo wanaohesabiwa ni 45, Wakatoliki 22 na Waanglikana 23, waliouawa kwa amri ya Kabaka (mfalme wa Buganda) Mwanga II kati ya 1885 na 1887. Kundi kubwa lilichomwa hapa tarehe 3 Juni 1886. Karoli Lwanga, kiongozi wa Wakatoliki, alitengwa na wenzake akachomwa peke yake, na hapo ndipo Basilika iliposimama. Tanuru la wengine lilikuwa Nakiyanja, ambako leo ni kwa Waanglikana. Waliungua pamoja, Wakatoliki na Waanglikana, kwa hiyo aliyeona upande mmoja ameona nusu. Na wachache hukumbuka kwamba kabla yao, miaka ya 1870, Kabaka Muteesa I aliwaua Waislamu waliosimama na imani yao mahali hapahapa. Ukipata nafasi, ulizia msikiti wao.

Usijaribu ibada zote mbili tarehe 3. Zote huanza asubuhi, kawaida kama saa 4, na viongozi wa serikali wakifika barabara ya katikati hufungwa. Utajikuta umekwama njiani, huku hupo na kule hupo. Chagua moja kwa siku hiyo, nyingine itembelee tarehe 4 au 5, watu wakishapungua.

Tarehe 4 hiyohiyo ndiyo ya makumbusho ya Waanglikana. Sanamu zake ni za ukubwa wa mtu, zinaonyesha wanyongaji wa Mukajanga, mkuu wa wauaji wa Kabaka, kazini na mashahidi waliofungwa ndani ya matete kabla ya kuwekwa motoni. Unahitaji kusimama hapo, uangalie mafundo ya kamba na nyuso. Siku ya sikukuu umati unakusukuma, unaona visogo tu. Basilika nayo ni hivyohivyo: umbo la nyumba ya Kiganda, nguzo 22 za nje kwa ajili ya Wakatoliki 22, iliwekwa wakfu 3 Juni 1975. Siku ya kawaida unaingia kwa dakika chache na kusali karibu na masalio ya Lwanga. Sikukuu, foleni itakula muda wa Misa.

Njia. Anayetoka Kenya kwa basi kupitia Busia au Malaba asiingie Kampala mjini, hilo ni kosa linalowagharimu wengi nusu siku. Basi linapita Jinja, Mukono, Bweyogerere, kisha Kireka. Mwombe dereva akushushe Kireka, uelekee Kyaliwajjala na Namugongo kwa taksi (huku matatu tunaiita taksi) au bodaboda. Tarehe 3 magari hayaruhusiwi kukaribia, kwa hiyo kutoka Kireka ni miguu, na kwa mwendo wa umati tenga saa mbili. Anayetoka Tanzania kwa Mutukula na Masaka hana budi kupitia Kampala, basi afike tarehe 1. Mkenya na Mnyarwanda huvuka kwa kitambulisho cha taifa, Mtanzania aje na pasi au hati ya dharura ya kusafiria. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano isisahaulike.

Kwa wanaotembea: Busia hadi Namugongo ni karibu kilomita 200. Kilomita 30 kwa siku ni mwendo wa kundi lenye wazee, yaani wiki nzima. Kinachowarudisha watu njiani mara nyingi ni malengelenge. Kiatu kipya na soksi iliyolowa jasho vinasugua ngozi mpaka inachubuka siku ya pili. Vaa kiatu ulichokizoea miezi miwili, beba soksi tatu, zibadilishe kila mnapopumzika. Barabara ya Jinja ina malori usiku na mchana, na ndani ya msitu wa Mabira ukingo ni mwembamba. Huku magari hupita kushoto, basi tembeeni kulia, mstari mmoja mmoja, mkiyaona yanayokuja. Ukitoka msituni utafika Namawojjolo, penye kuku wa kuchoma na gonja (ndizi tamu za kuchoma). Pumzikeni hapo.

Uwanjani, altare iko kwenye kibanda cha majini na watu hukaa kwenye miteremko inayolizunguka ziwa. Viti vya chini ni vya wenye kadi, usipoteze nguvu kuvigombania. Panda mteremko unaotazamana na altare, ukae juu kidogo. Pembeni utasikia spika tu. Ili upate pale uwe ndani kabla ya saa 12 asubuhi, na ndiyo maana wengi hulala hapohapo. Usiku kuna baridi na umande, na mvua za masika wakati mwingine hazijaisha, udongo unateleza. Mkeka peke yake hautoshi, tandika karatasi ya nailoni chini yake. Beba blanketi jepesi na mwavuli, ambao mchana utakukinga jua kwa saa zaidi ya tatu, maana baada ya Misa kuna hotuba, na si fupi.

Langoni kuna mashine za ukaguzi. Begi kubwa litakuchelewesha. Visu na chupa za kioo viache nyumbani. Simu ikae mfuko wa mbele. Mtandao huzidiwa na umati, kupiga simu kunashindikana na malipo ya simu yanagoma, hivyo badilisha fedha mpakani na uwe na shilingi za Uganda za noti ndogo. Kundi likubaliane mapema mahali na saa ya kukutana, na kila mtoto awe na karatasi yenye namba ya simu mfukoni. Ukipotea, mwulize askari au mwanajeshi kwa Kiswahili, wengi wao wanakijua vizuri kuliko wauzaji. Mgonjwa apelekwe kwenye mahema ya Msalaba Mwekundu. Karatasi ya chooni na sabuni beba mwenyewe.

Maji ya ziwani: utaona wachuuzi wa vidumu vidogo vya njano, na kila mtu akijaza cha kupeleka nyumbani. Jaza na wewe, ni baraka. Lakini maelfu wamenawa ndani yake, kwa hiyo nakusihi usiyanywe wala usimpe mtoto. Ya kunywa nunua ya chupa iliyofungwa.

Vyumba vya Kyaliwajjala, Kireka na Naalya hujaa mapema na bei hupanda. Weka nafasi mwezi mmoja kabla, tena zungumza na nyumba ya wageni yenyewe, maana nimeona mahujaji waliolipa kupitia wakala wakakuta chumba kina mtu.

Misa ikiisha usikimbilie barabarani. Msongamano mbaya wa siku huwa saa hiyo, wote wakitoka kupitia malango yaleyale. Kaa, kula, ngoja mpaka saa 11 jioni, ndipo utembee Kireka taratibu. Basi la kurudi likatie tiketi ya tarehe 5.