Jaketi okozi lipi likufae Kigoma: anza na kilo zako na uogeleaji wako

Muuza duka atakuuliza "unataka kubwa au dogo?" na hapo ndipo wengi wanapopotea. Jaketi okozi halichaguliwi kama shati. Unatakiwa ujue una kilo ngapi, unaogelea kiasi gani, na ukiwa ziwani unafanya kazi gani. Abiria wa boti inayotoka Kibirizi kwenda Mwamgongo na mvuvi anayevuta dagaa usiku hawafai kuvaa jaketi la aina moja, hata kama vifua vyao vinalingana.

Geuza jaketi uangalie kitambaa kilichoshonewa kwa ndani. La kiwango limeandikwa uzito wa mvaaji pamoja na nguvu ya kuelea, kwa nyutoni, alama yake N. Nyutoni 10 ni sawa na kilo moja, kwa hiyo N 50 inakubeba kama kilo 5, na N 100 kama kilo 10. Usicheke ukisema kilo 5 zitambebaje mtu wa kilo 80. Mwili wenyewe ndani ya maji unakaribia kuelea. Watu wazima wengi wanahitaji msaada wa kilo 3 hadi 5 tu ili kichwa kibaki juu. Nguvu inayozidi hapo ni ya kukupandisha mdomo juu ya mawimbi na kukugeuza chali ukichoka au ukizimia.

Ndiyo maana umbo linadanganya. Mwenye kitambi anaelea kirahisi kuliko kijana mkakamavu asiye na mafuta, kwa kuwa mafuta ni mepesi kuliko maji na misuli ni mizito. Mnene anunue jaketi linalomfunga vizuri kifuani. Hana haja ya kukimbilia N kubwa kwa sababu ya kilo zake. Mwembamba naye asijipunguzie N kwa kuwa ni mwembamba. Na wewe uliyezoea kuelea baharini kule Dar, huku maji hayana chumvi: utakaa chini kidogo kuliko ulivyozoea.

Kwa watu wengi wa mkoa huu, namba moja ni jaketi la povu la N 100, lenye kola nyuma ya shingo na mkanda wa kupita katikati ya miguu. Mfanyabiashara wa Kagunga, mwalimu anayerudi kituoni Buhingu, mgeni wa Gombe, na yeyote asiyejua kuogelea, achukue hili. Kola ndiyo inayoshika kichwa. Kati ya Mei na Septemba upepo wa kusini unavuma kwa nguvu, na ziwa lenyewe lina urefu wa kama kilomita 670, kwa hiyo mawimbi yanapata nafasi ya kutosha kukua kabla hayajafika kwenu. Hapo asiye na kola anamezeshwa maji hata kama anaelea. Lakini usilipe sifa lisizo nazo: ukiwa na koti zito katika mawimbi makubwa, N 100 haina uhakika wa kukugeuza chali. Wanaovuka usiku kwa safari ndefu waongeze hela wachukue N 150 la povu, japo ni nene na linachosha kukalia nalo.

Namba mbili ni fulana ya N 50, isiyo na kola, iliyokatwa wazi makwapani. Kwa mvuvi anayejua kuogelea, mimi ningeipandisha iwe namba moja. Nyakati za giza, taa zikiwa zimewaka na wavu unapandishwa, mtu anainama na kuinuka muda wote. Kola nene inamgonga kidevu kila akivuta kamba. Haichukui muda, jaketi limevuliwa na kugeuzwa kiti. Likishakaliwa, povu linabonyea na nguvu ya kuelea inapungua siku hadi siku. Fulana ndogo inayobaki mwilini inashinda jaketi kubwa lililo chini ya makalio. Asiyejua kuogelea asiiguse lakini, hata kama kazi yake ni ya kuvuta.

Namba tatu ni lile la kujazwa hewa, linalovaliwa kama mikanda miwili mabegani. Ni jepesi, lina N 150, na kwa macho ndilo zuri kuliko yote. Tatizo ni mtungi wake mdogo wa gesi: ukishafyatuka umekwisha, unafunga mwingine. Uliza utapata wapi wa akiba kabla hujalipa. Yale ya kujifyatua yenyewe yanaweza kufyatuka kwa kulowa tu mvua kubwa. Kwa mtoto, hapana.

Mwisho kabisa ni vile vifulana vya rangirangi visivyo na maandishi yoyote. Vingi ni vya kuchezea bwawani, na baadhi ndani yake mna sponji ya kawaida inayonyonya maji. Muuzaji akikubali urejeshe, lizamishe kwenye pipa usiku kucha, ulikandamize kwa jiwe. Asubuhi litundike kitambaa kichuruzike. Likiendelea kuwa zito, mrudishie.

Watoto sasa. Sare ya shule unaweza kununua kubwa ukisema ataikulia. Jaketi okozi hapana. Vipimo vya kimataifa vya majaketi ya melini vinagawa hivi: mchanga ni chini ya kilo 15, mtoto ni kilo 15 hadi 43, na kuanzia 43 ni mtu mzima. Mtoto wa kilo 20 ndani ya jaketi la baba yake atachomoka kwa chini, jaketi libaki linaelea peke yake. Mfungie klipu zote, kisha umshike jaketi mabegani ulivute juu. Likipanda hadi masikioni, rudisha. Mtu mzima naye apimwe hivyohivyo, na mikono akiwa ameinua.

Ukikuta la mtumba, kagua nyuzi, zipu na klipu. Rangi ya chungwa iliyopauka sana inaonyesha jua limekula kitambaa, na kitambaa hicho kinachanika siku ya kazi. Filimbi kama haipo, nunua ya mpira wa miguu uifunge kwa kamba; ya plastiki, maana ya chuma inashika kutu.

Anayesafiri mara moja kwa mwaka hana haja ya kununua. Boti ya abiria inatakiwa iwe na jaketi la kila mtu, na TASAC, shirika la serikali linalosimamia usalama wa vyombo vya majini, ndio wakaguzi. Dai lako kabla boti haijang'oa nanga, ulivae ukiwa bado nchi kavu. Kama unasafiri na mtoto, mpigie nahodha siku moja kabla umuulize kama ana la mtoto.