Daftari la maombi lenye safu tatu: nunua, ila jedwali la alama libandikie karatasi

Madaftari ya maombi yanayouzwa kwenye maduka ya vitabu vya Kikristo yanafanana sana. Ukubwa ni A5, yaani milimita 148 kwa 210, na kila ukurasa una safu tatu: tarehe, ombi, jibu. Hapa tunayapima kwa jambo moja tu: je, yanamzoeza mtu kumtegemea Mungu, au yanamzoeza kujihesabia?

Safu ya tarehe ndiyo yenye kazi kubwa kuliko zote, ingawa wengi huijaza kwa mazoea. Kando ya tarehe ya ombi, andika kwa penseli tarehe uliyofanya uamuzi wenyewe. Baada ya miezi michache zilinganishe. Mkataba umesainiwa tarehe 3, ombi limeandikwa tarehe 5: hapo Mungu hakuulizwa, aliombwa apige muhuri. Daudi alipopata habari kwamba Wafilisti wanaushambulia mji wa Keila (1 Samweli 23) alimuuliza Mungu kwanza. Watu wake walipoogopa akauliza tena, ndipo akaondoka. Viongozi wa Israeli walipowapokea Wagibeoni, majirani waliojifanya wametoka nchi ya mbali (Yoshua 9), walitazama mkate ulioingia koga na viriba vilivyochakaa, wakafanya agano bila kutaka shauri kwa BWANA. Ushahidi waliukagua vizuri tu. Kilichokosekana ni swali, na kosa la namna hiyo ndilo linalowapata zaidi watu makini, wanaojua kupima mambo.

Safu ya jibu huwa finyu mno, kana kwamba jibu ni alama ya vema tu. Paulo aliomba mara tatu aondolewe mwiba, yaani taabu iliyomsumbua mwilini (2 Wakorintho 12), akaambiwa, "Neema yangu yakutosha." Jibu kama hilo utaliandika wapi? Tumia mistari mitatu kwa kila ombi. Ukurasa wa mistari 24 utabeba maombi manane, na hayo yanatosha. Jibu lianze na neno moja kati ya haya: ndiyo, hapana, bado. Kisha eleza lilivyokuja. Ukiandika "ndiyo" peke yake, mwakani hutakumbuka ni nani aliyekusaidia, na polepole utaanza kuamini kwamba ulijitahidi mwenyewe. Kumbukumbu la Torati 8:17 linaonya juu ya fikra hiyohiyo.

Yapo maombi ambayo hayaingii daftarini kabisa kwa sababu mwenyewe anaona ni madogo mno kumsumbulia Mungu. Unyenyekevu wa namna hiyo ni wa juujuu. Katika 1 Petro 5:6-7, kunyenyekea chini ya mkono wa Mungu na kumtwika fadhaa zote vimewekwa katika agizo moja. Anayebaki na mzigo wake begani bado anajitegemea, hata akiwa mpole wa sauti. Iandike hata ile ya ufunguo uliopotea.

Kasoro kubwa ni jedwali la alama za mazoea lililo nyuma ya madaftari mengi: visanduku 31, kimoja kwa kila siku ya mwezi, na safu za saa za sala, kufunga na sura zilizosomwa. Farisayo wa Luka 18, aliyejisifu katika sala yake, angelijaza bila shida, kwani alifunga mara mbili kwa juma na kutoa zaka ya mapato yake yote. Wala Yesu hasemi popote kwamba alidanganya. Likijaa, mtu hujisifu. Likibaki tupu, hukata tamaa na kuliacha daftari. Kwa vyovyote anajitazama mwenyewe. Libandikie karatasi, au andika majina 31 ya watu, umwombee mmoja kila siku.

Daftari lenye tarehe zilizochapwa lipite. Ukiruka siku nne, kurasa nne tupu zitakukodolea macho, na wengi huishia hapo.

Ukurasa wa toba nao huharibiwa na "nisamehe dhambi zangu zote." Andika tendo lenyewe, na herufi ya kwanza tu ya jina la uliyemkosea, maana daftari huweza kuokotwa. Mbele ya herufi hiyo andika siku utakayokwenda kupatana naye, kama Mathayo 5:23-24 inavyoagiza. Bila siku, hutakwenda.

Kuhusu utengenezaji: karatasi isiwe chini ya gramu 80 kwa mita ya mraba, la sivyo kalamu ya jeli itapenya hadi upande wa pili. Lililoshonwa hulala wazi bila kushikwa, lililogundishwa huachia kurasa mapema, na la springi hukwaruza jalada la Biblia likibebwa nayo.

Likijaa, maombi ya "bado" yahamishie kwenye daftari jipya kwa mkono. Kuna machache utakayoona haya kuyanakili, hasa yale ya kutaka uonekane, hayo yafute. Yanayobaki yaende na tarehe zake za kwanza, ombi la miaka miwili lisije likasomeka kama la jana.