Habu ya baiskeli ya mzigo: ipi ununue kwanza, ipi uiache dukani

Wengi huchagua rimu na tairi kwa makini, kisha habu, yaani kitovu cha gurudumu kinachozunguka kwenye ekseli, wakachukua yoyote. Kwangu habu ndiyo ya kwanza, maana uzito wote wa gunia na mwendeshaji hushukia gololi chache zilizomo ndani yake.

Naiweka juu kabisa habu ya koni (kipande kinachofungwa kwenye ekseli) na gololi huru, zisizo kwenye kizimba. Ya nyuma huwa na gololi 9 za robo inchi kila upande. Ya mbele, 10 za inchi 3/16. Gololi hukaa kwenye kona kati ya koni na kikombe (njia ya gololi ndani ya habu), kwa hiyo huhimili uzito wa juu na pia msukumo wa ubavuni mzigo unapoyumba. Koni ikichimbika, unabadilisha koni. Gololi zikichakaa, badilisha zote pamoja, kwani mpya ikichanganywa na zilizolika hubeba mzigo wa wenzake. Kikombe kikichimbika, mara nyingi habu ndiyo imekwisha. Kwa hiyo ukinunua iliyotumika, mwombe fundi aifungue, kisha pitisha taratibu ncha ya kalamu ya wino ndani ya kikombe. Ikikwaruza au kukwama, rudisha.

Wakati wa kufunga, paka grisi ya kutosha, panga gololi, kaza koni kwa vidole mpaka isicheze, halafu ishikilie kwa spana nyembamba huku ukikaza nati ya nje. Nati hiyo huisukuma koni kidogo, basi jaribu tena: ekseli izunguke laini, bila kukwaruza wala kucheza.

Ya pili ni habu ya beringi nzima, yaani iliyofungwa tayari na gololi zake ndani, kama yenye namba 6001. Tafuta alama ya 2RS, yaani mpira pande zote mbili. Kwenye matope ni nzuri mno na haihitaji kurekebishwa. Ila wakati wa kuipachika, igongwe pete ya nje tu. Ukigonga ya ndani umeiua kabla haijatembea.

Gololi za kwenye kizimba cha bati nazipa nafasi ya tatu, kwa kuwa huwa chache. Unaweza kutoa kizimba na kujaza gololi huru za ukubwa uleule.

Kwa mzigo mzito, iache habu ya gia 6 au 7 yenye friwili ya kuzungushia, yaani meno ya nyuma yanayofungwa kwa nyuzi juu ya habu. Beringi ya kulia hubaki ndani, mbali na fremu, na ekseli hupinda hapo hapo. Ukitaka gia, chukua ya kaseti, ambayo beringi hiyo hukaa karibu na fremu.