Welcome Suica: kadi ya treni ya Tokyo, kwa sisi tunaoenda mara ya kwanza

Wadau, hapa Dodoma watu wanaoniuliza kuhusu Tokyo ni wengi siku hizi, wengine wamepata semina, wengine wamedunduliza hela zao wanataka tu kwenda kutembea, na swali la kwanza huwa lile lile, usafiri wa kule unaendaje, maana ramani ya treni zao ukiifungua kwenye simu unachoka hata hujapanda ndege. Jibu langu ni moja. Ukitua nunua kadi ya Suica, ile ya wageni inaitwa Welcome Suica, halafu mengine utayapanga ukiwa umetulia. Naandika kirefu kwa sababu naona watu wanauziwa vitu wasivyovihitaji na inaniuma.

Suica ni kadi ya kampuni ya reli ya JR East, ipo tangu 2001. Ile ya kawaida unaacha amana ya yeni 500, ya wageni haina amana ila inakufa baada ya siku 28 na salio likibaki hurudishiwi. Unaweka hela kwenye mashine, mashine ina Kiingereza, kadi inabeba mpaka yeni 20,000. Ukifika getini unaigusisha, unapita, ukitoka unaigusisha tena na nauli inakatwa kulingana na ulikoanzia, kama ulishawahi kutumia N-Card pale feri Kigamboni basi unajua tayari, tofauti ni kwamba hii inapita karibu kila mahali, treni za JR, treni za chini ya ardhi, mabasi ya mjini, mashine za soda barabarani, makabati ya kuhifadhia begi stesheni, na maduka kama 7-Eleven na Lawson. Hakuna kudai chenji wala kusimama kwenye foleni ya tiketi unahesabu sarafu usizozijua huku watu wako nyuma yako.

Kitu kinachowatisha wengi ni geti kufunga. Salio likipungua ukiwa unatoka, vile vimlango viwili usawa wa kiuno vinajifunga na geti linalia, basi mgeni anahisi kama kakamatwa. Pale stesheni ya Ueno nilimwona mama mmoja mtu mzima, mwenyeji kabisa, limemfungia, wala hakushtuka, akarudi hatua mbili nyuma, akasogea kwenye mashine iliyo pembeni kabla ya geti imeandikwa Fare Adjustment, akaingiza kadi, akaongeza hela, akapita zake, na waliokuwa nyuma yake wakahamia geti la jirani bila hata neno. Ndo hivyo tu. Ukikwama kabisa kuna dirisha la mhudumu pembeni ya mageti, muonyeshe kadi, atakusaidia hata kama Kiingereza chake ni kidogo.

Sasa hili nalisema kwa herufi nzito. Kama unaenda Tokyo tu, USINUNUE Japan Rail Pass, ile tiketi moja ya kupanda treni za JR nchi nzima kwa siku kadhaa. Kuna wakala wa safari alimwambia dada yangu kwamba bila hiyo hawezi kutembea Japani, jamani sio kweli. Pass ya siku 7 ilikuwa yeni 29,650, Oktoba 2023 ikapandishwa mpaka 50,000. Kwenda na kurudi mji wa Kyoto kwa Shinkansen, zile treni za mwendo kasi, ni kama yeni 28,000 hivi, kwa hiyo hata ukiongeza Kyoto bado haijarudisha hela yake, na ndani ya Tokyo nauli za kawaida zinaanzia chini ya yeni 200 kwa safari fupi. Ukijua hilo ile hela unaihamishia kwenye chakula na hoteli.

Kinachofaa kuongeza ni Tokyo Subway Ticket, ipo ya masaa 24, 48 na 72, inahesabu kuanzia unapoitumia mara ya kwanza na sio tarehe, ukiiwasha leo mchana ile ya 24 inaisha kesho mchana. Inafungua laini zote 13 za chini ya ardhi, za kampuni mbili, Tokyo Metro na Toei. Haigusi JR, hapo wengi wanachanganya, na laini ya Yamanote ile inayozunguka mji yenye stesheni 30 ni ya JR, hiyo lipia kwa Suica. Siku ya kuruka sehemu nyingi tumia tiketi, siku ya mtaa mmoja Suica peke yake inatosha.

Kwa siku ya kwanza kabisa ningemshauri mtu yeyote apande laini ya Ginza mwanzo mpaka mwisho. Ndo treni ya chini ya ardhi ya kwanza Asia, ilianza 1927, rangi yake ya chungwa, na stesheni zake zina namba, Shibuya ni G01 na Asakusa ni G19, hata kama hujui kusoma herufi zao unafuata namba tu zikipanda, huwezi kupotea. Shibuya unaona ile njia panda maarufu na sanamu ya mbwa Hachiko, Asakusa unashukia hekalu la Senso-ji, taa nyekundu ya pale getini ina urefu wa karibu mita 4, ukisimama chini yake angalia juu, kitako chake kimechongwa joka. Kuingia bure. Bure nyingine ambayo watu hawaijui ni jengo la serikali ya jiji pale Shinjuku, ghorofa ya 45, mita 202 juu, unaona mji hadi unaishia, na siku ya hewa safi mlima Fuji. Mnara wa Skytree wenye mita 634 ni mzuri sana ila unalipiwa, mi naona ya bure inatosha. Na Meiji Jingu kule Harajuku, msitu katikati ya mji, nao bure.

Waislamu, Tokyo Camii iko karibu na stesheni ya Yoyogi-Uehara, laini ya Chiyoda, msikiti mzuri mno. Kwenye rameni, zile tambi za supu, ulizeni kwanza, supu nyingi ni ya nguruwe.

Kasoro za Suica zipo. Ya plastiki unaiongezea hela kwa keshi, kwa hiyo toa yeni mapema, ATM za 7-Eleven zinakubali Visa na Mastercard za nje. Simu za Android tunazonunua huku haziwezi kuibeba ndani, iPhone kuanzia 8 zinaweza. Haikupeleki Kyoto, huwezi kuigusisha Tokyo ukatokea kule, Shinkansen ina tiketi yake. Kutoka uwanja wa ndege wa Narita mpaka mjini ni kama kilomita 60, treni za kawaida za kampuni ya Keisei unalipa kwa Suica, Skyliner, ile treni yao ya haraka, unakata tiketi ya ziada, teksi achana nayo itakula bajeti yote. Na haikusaidii Shinjuku, stesheni ina milango zaidi ya 200, kabla hujapanda treni andika namba ya mlango unaotakiwa kutokea, vinginevyo unazunguka chini kwa chini mpaka miguu ikatae. Treni zinalala kuanzia kama saa sita usiku hivi mpaka saa kumi na moja alfajiri, usijisahau.

Kabla ya yote hayo viza, Mtanzania anahitaji, na ubalozi wa Japani uko Dar sio huku kwetu, kwa hiyo weka SGR kwenye bajeti. Umeme wao ni volti 100, plagi ya pini mbili bapa, chaja ya simu ikiandikwa 100-240V ni sawa ila pasi acha nyumbani. Agosti epuka kama unaweza, joto letu la Dodoma ni kavu, la kwao lina unyevu linakung'ang'ania. Mwisho wa Machi na mwanzo wa Aprili maua ya sakura yanachanua, hoteli bei juu, Novemba ni poa zaidi. Halafu kitu kimoja nakipenda, wako mbele yetu masaa 6, kwa hiyo saa ya ukutani ya Tokyo ikisoma 3 mchana basi Dodoma ni saa tatu asubuhi, namba ile ile, kumpigia mama huna haja ya hesabu.

Nyota 4 na nusu kwa 5, nusu nimeikata kwa ile salio kutorudishwa. Siku ya kuondoka ingia duka kama 7-Eleven au Lawson hapo uwanja wa ndege, chukua vitafunio vya safari, mwambie mhudumu amalize salio lote la Suica halafu kinachopungua malizia kwa sarafu, wanakubali.