Discovery 2 ya Td5: nimeikagua, nimeiendesha, na huu ndio uamuzi wangu

Wauzaji wa Land Rover Discovery 2 hawaanzi na injini. Wanakufungulia mlango wa nyuma, wanakunjua vile viti viwili vya akiba, wanakuonyesha vidirisha vya pembeni mwa paa, halafu wananyamaza. Wanajua kazi iliyobaki gari litaifanya lenyewe. Na kweli linapendeza. Paa limeinuliwa kwa nyuma, watu saba wote wanatazama mbele, na ukikaa kwenye usukani unaziona kona za boneti zote mbili, jambo ambalo magari ya siku hizi yamelisahau.

Nililoliangalia ni la mwaka 2000, namba A, gia za mkono, dizeli, injini ya Td5. Limekaa Arusha karibu maisha yake yote ya hapa nchini. Bei ya kuanzia ilikuwa milioni 15. Dalali alinizungusha kulionyesha lote, akanieleza mambo ya maana kabisa, kisha akauliza, "Sasa dada, shemeji atakuja lini kuliangalia?" Nikamwambia shemeji hajui hata jeki inawekwa wapi, tuendelee.

Ninachohitaji ni gari la shamba na la familia. Nina shamba la maharage upande wa Karatu, na masika yakikolea RAV4 yangu naiacha lami nikaomba lifti ya trekta. Nilitaka pia wazazi wakija tusiende kwa bodaboda na gari pamoja. Prado ya miaka hiyohiyo, kwa bei hii, unapata iliyowahi kupinduka. Ndivyo nilivyofika kwenye Discovery.

Kwamba hizi gari zinaharibika, hilo halina ubishi, na nisingependa kupoteza muda wa mtu kulibishia. Nilichotaka kujua ni zinaharibika nini hasa, nani mjini hapa anazitengeneza, na spea inatoka wapi ikikosekana. Arusha tuna bahati kwa hilo la pili. Kampuni za utalii zilianza na Land Rover kabla hazijahamia Land Cruiser, na mafundi waliolelewa na zile Land Rover 109 za zamani bado wapo, wengine wamezeeka na ufunguo mkononi. Waliokuwa mjini Oktoba 2024 wakati wa lile tamasha la Land Rover waliona wenyewe ni ngapi bado zinatembea. Ila 109 ni chuma na waya chache. Td5 ina kompyuta, na fundi wa 109 asiye na mashine ya kupimia atakubadilishia vitu kwa kubahatisha, kwa hela yako.

Nilimpata mzee mmoja Unga Limited ambaye ana vyote viwili, mikono na mashine. Nikampa shikamoo, akaitikia, akauliza, "Mwanangu, umeshalilipia?" Nikasema bado. Akasema, "Basi lete, tutaongea vizuri."

Kitu cha kwanza alichofanya kilinishangaza. Aliliwasha, akaliacha lipate moto, akakanyaga mafuta kidogo, kisha akazima na kuninyamazisha kwa kidole. Chini ya boneti kulikuwa na mvumo mwembamba, kama feni inayopoteza kasi, ukaendelea sekunde kadhaa injini ikiwa imezima. Kumbe Td5 ina chujio mbili za oili. Moja ni ya kawaida, nyingine ni kikombe kinachozunguka kwa msukumo wa oili yenyewe na kurusha uchafu pembeni. Ukizima injini usiposikia ule mvumo, kikombe kimejaa matope, maana yake mwenye gari amekuwa akibadilisha oili bila kukigusa. Hili lilivuma. Mzee akasema aliyelimiliki alilijali, angalau kwenye oili.

Kisha akafungua kiboksi cha kompyuta ya injini, akachomoa plagi nyekundu, akaingiza kona ya kitambaa cheupe. Kilitoka na doa la oili. Nilifikiri ndio mwisho wa safari, yeye akacheka. Waya za injekta, vile vinyunyizio vya dizeli, kwenye Td5 zinapita ndani ya kava la juu, zinaogelea kwenye oili, na zikichoka oili inapanda ndani ya waya kama utambi hadi kwenye kompyuta. Dalili yake gari linakohoa, linakosa moto kwenye silinda moja, linarudi sawa, linakohoa tena. Watu wengi wameuziwa injekta nzima kwa ugonjwa huu. Dawa ni seti mpya ya waya za ndani na kusafisha plagi, nayo ni kazi ya asubuhi moja. Ukiwa unanunua Td5, hiki kitambaa cheupe kibebe.

Kwa injini za miaka ya mwanzo kuna maswali mengine mawili ya kumuuliza muuzaji. Boliti inayoshika gia ya pampu ya oili iliwahi kukazwa? Ilikuwa na tabia ya kulegea, na ikitoka yote, injini inakufa bila oili huku gari likiwa barabarani. Na silinda hedi iliwahi kufunguliwa? Pini zinazoiweka mahali pake zilikuwa za plastiki, baadaye kiwanda kikahamia chuma, kwa sababu ya plastiki iliruhusu hedi kusogea na gasketi kuharibika. Muuzaji wangu alikuwa na risiti ya kazi ya hedi, na pini za chuma zimeandikwa. Ya pampu hakuwa nayo. Kufungua sampu na kukaza boliti moja kwa gundi yake si gharama ya kutisha, lakini inapaswa kufanyika kabla ya safari ndefu yoyote, na iko kwenye hesabu yangu.

Joto ndilo lililonitia wasiwasi zaidi. Mshale wa joto kwenye dashibodi ya Discovery 2 umetengenezwa usimbabaishe dereva: unatulia katikati hata joto likipanda na kushuka, na ukiuona umeanza kupanda, umeshachelewa. Kwa hiyo kuambiwa "mshale haujawahi kupanda" ni habari isiyokusaidia. Tulichofanya ni kulilaza usiku, asubuhi kufungua mfuniko wa tangi la maji kabla ya kuliwasha. Kama hewa inatoka kwa nguvu ilhali injini imepoa usiku kucha, gasketi ya hedi imeshaanza kuvuja. Haikutoka. Kisha tukalipeleka Karatu, mashine ya mzee ikiwa imechomekwa inasoma joto halisi. Kile kipande kutoka Mto wa Mbu kupanda ukingo wa Bonde la Ufa ndicho mtihani: gia ya pili na ya tatu, jua la saa saba, AC imewashwa. Namba zilipanda juu kidogo ya 95, zikarudi zenyewe tulipofika tambarare. Mzee akasema rejeta ina umri lakini haijaziba.

Njiani ndipo nilipoelewa kwa nini watu wanazing'ang'ania. Lina nguvu za farasi 136 hivi, kwa hiyo usitarajie kumpita mtu mlimani. Noah zilitupita zikiwa na kuku juu. Lakini kwenye barabara ya vumbi lilitembea juu ya makorongo madogo bila kutupigisha vichwa, na ule mlio wa silinda tano una kitu cha kipekee, si dizeli ya lori wala si petroli. Mama yangu, ambaye kwenye RAV4 hulalamika mgongo kuanzia Makuyuni, alisinzia. Mafuta lilikula kama lita 1 kwa kilometa 9 au 10. Kinachoudhi ni kukata kona: mjini, pale ambapo RAV4 inageuka mara moja, hili utarudi nyuma mara mbili huku bodaboda wakikupigia honi.

Sasa taa. Discovery 2 ina taa tatu za njano zinazopenda kuwaka pamoja: ya ABS, ya kuzuia matairi kuteleza, na ya kushukia mlima taratibu. Wauzaji watakwambia ni sensa tu, dada, haina shida. Mara nyingi kweli ni sensa ya kwenye habu, yaani kitovu cha tairi, au swichi ndani ya kifaa cha ABS. Lakini shida ipo, na ni kubwa kuliko wanavyosema. Nyingi ya gari hizi zilitoka kiwandani bila wenzo wa kufunga difu ya kati, ile inayogawa nguvu kati ya matairi ya mbele na ya nyuma. Land Rover waliamini mfumo wa umeme utabana breki ya tairi linaloteleza na kupeleka nguvu kwenye mengine. Zile taa tatu zikiwaka, mfumo huo umelala. Gari linalosifiwa kwa tope linabaki na difu zilizo wazi, na tairi moja likizunguka bure kwenye udongo mweusi wa mfinyanzi, hayo mengine matatu yanakuangalia tu. Mtu anayelinunua kwa ajili ya shamba anatakiwa alihesabu hili kama breki mbovu.

Kuna ujanja pia. Mwingine anachomoa balbu. Ukiwasha swichi kabla ya kupiga stata, taa zote tatu lazima ziwake kwanza ndipo zizime. Isipowaka mojawapo, amka. Kwa hili la kwangu ziliwaka, zikazima, tulipotoka Kisongo zikarudi zote. Mashine ikasema habu ya mbele kushoto. Ni habu moja, na bei yake niliipata Nairobi, Kirinyaga Road, kwa mtu anayetuma mzigo kwa basi kupitia Namanga. Habari njema ni kwamba za miaka ya mwanzo, kama hili, kufuli la difu limo ndani ya transifa, lile boksi la gia lenye difu hiyo ya kati, kilichokosekana ni wenzo wa kuliwasha tu. Mzee ameshafunga kadhaa. Baada ya hapo gari linakuwa na kufuli la chuma unalolishika kwa mkono, na taa zikiwaka siku ya mvua nitarudi nyumbani.

Mengine nayataja haraka. Chesesi ya nyuma, baada ya matairi, igonge kwa nyundo ndogo: gari nyingi zilitoka Uingereza ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa baridi, na kutu huanzia hapo, hili liligonga kwa sauti ya chuma kizima. Propela ya mbele, ule mhimili unaopeleka nguvu kwenye matairi ya mbele, ina kiungo kisicho na sehemu ya kutilia grisi. Ikikatika ukiwa mwendo inaweza kupasua giaboksi, kwa hiyo sisubiri ianze kulia, naibadilisha. Mifuko ya hewa ya nyuma ilishang'olewa na kuwekwa springi, jambo lililonifurahisha. Sanrufu inavuja, kama ilivyo ada yao. Na ukitangaziwa V8 ya petroli kwa bei ya kutupa, nyingi zikiwa zimetoka Japani, piga hesabu ya mafuta kwanza, kisha uliza habari za silinda zake, kisha nadhani utaenda nyumbani.

Je, ningemshauri mtu mwenye gari moja tu anunue? Hapana, hata hili zuri. Anayetakiwa kufika kazini saa mbili kila siku atalichukia ndani ya mwezi, na atakuwa na haki. Pia asiye na fundi mwenye mashine ndani ya mji wake aache. Kwa mtu wa Mtwara au Kigoma, sikuona chochote kwenye gari hili ambacho kingenifanya nibadili jibu hilo. Mzigo wa Kirinyaga kumfikia ni habari nyingine kabisa. Kwa mwenye gari la pili, anayeishi karibu na fundi, na anayekubali kuweka pesa pembeni kabla hata ya kulipa, linaingia akilini. Mimi nimetenga milioni 4: waya za injekta, boliti ya pampu, propela, habu, hozi zote za maji na wenzo wa difu. Bima ni ndogo tu, hakuna atakayenipa kubwa ya maana kwa gari la umri huu.

Muuzaji nilimwonyesha kitambaa chenye doa na karatasi ya mashine. Kutoka 15 tukashuka hadi 11, dalali akiguna pembeni. Tumekagua madeni ya trafiki, hakuna, na kadi iko TRA inabadilishwa jina. RAV4 siiuzi. Mwenye mkanda wa kiti cha saba, wa upande wa kulia, aniambie. Uliopo umetafunwa na panya.